Vijiji vya Marika katika Nchi ya Rungwe

Joseph Thomson, kijana Mskoti aliyeachiwa uongozi wa msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki dunia njiani, alifika katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1879, naye alikuwa hajatimiza umri wa miaka 22. Katika kitabu alichokitoa miaka miwili baadaye hakuificha furaha yake: alieleza habari za migomba iliyolemewa na mikungu, za nyumba za mviringo zenye mapaa yaliyochongoka, ambazo kuta zake zilipambwa kwa vidonge vya udongo vilivyofinyangwa na kutiwa madoa kwa ulinganifu, na za viwanja vilivyo sawa, vilivyong'olewa magugu na kuondolewa takataka na kila kitu kinachochukiza macho.

Unadhifu wa namna hiyo haujileti wenyewe. Mahali panaponyesha kama Tukuyu, katika nchi hiyo, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na ambako udongo ni wa volkano uliorutubishwa na majivu ya Mlima Rungwe na ndugu zake, kiwanja kilichoachwa bila mkono wa mtu hugeuka pori upesi. Na kwa kuwa ng'ombe walilazwa ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, samadi isipoondolewa kila asubuhi na kupelekwa chini ya migomba, nyumba haikaliki. Kwa hiyo mwenye kutafakari habari zile hana budi kuuliza ni nani aliyeamuru kazi, ni nani aliyeisimamia, na asiyetii alifanywa nini, maana hapakuwa na halmashauri ya mji, wala bwana afya, wala faini iliyoandikwa ubaoni. Jibu lake limo katika kijiji cha marika, yaani maskani ya majirani waliounganishwa na umri wao na hiari yao, wala si ukoo; na mimi naona kuwa katika historia ya makazi ya watu wa Afrika Mashariki ni nadra kupata mfano wa pili wenye hekima na ujasiri kama huu.

Mambo yalianza udogoni. Mtoto wa kiume alichunga ng'ombe wa baba yake na wa majirani mpaka afikapo umri wa miaka 10 au 11, kisha akawaachia wadogo zake fimbo ya uchungaji, akashika jembe katika shamba la baba, na usiku akaacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzi wake walikwenda pembezoni mwa kijiji cha baba zao wakajenga vibanda vya matete, vidogo na vya kitoto, vilivyoinama upande mmoja kwa ufundi uliokuwa bado haujakomaa. Na mwaka hata mwaka vibanda vile vilivunjwa vikajengwa bora zaidi, hata wajenzi wakawa vijana, wakawa watu wazima, wakaoa wapatapo umri wa miaka 25 hivi, na kila mmoja akamleta mkewe katika nyumba ya mianzi iliyosimama mahali pale pale alipocheza na wenziwe. Wadogo waliendelea kupokelewa kwa muda wa miaka kadhaa. Kisha wakubwa wakasema kuwa sasa inatosha, mlango ukafungwa, na waliobaki nje wakaanza kijiji chao wenyewe.

Katika miaka ile ya ujana hapakuwa na jiko katika kijiji cha wavulana. Walikula kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja: kundi zima lilikwenda leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wakaketi pamoja kukizunguka chakula, na mzazi ambaye mwanawe alikuja na wenzi wengi alihesabu kuwa nyumba yake imepata heshima, hali mvulana aliyezoea kuja peke yake kula kwa mama alionywa na baba kwa ukali. Hapo ndipo lilipowekwa jiwe la msingi la kijiji. Mtu aliyekula sahani moja na wenziwe tangu ana miaka 10, akiwa na miaka 40 haoni taabu kumwambia jirani kwamba uwanja wake umeota majani.

Wazee walipoulizwa sababu ya kuwatenga wana na baba zao, walitaja murua kwanza. Mke wa kijana hakuruhusiwa kukutana macho na baba mkwe, wala kulitamka jina lake, wala kupita njia atakayopita yeye. Na watu wa vizazi viwili wakipanga ua mmoja, mwiko huo usingeweza kushikwa hata siku moja. Sababu ya pili waliyoitaja ni ile waliyoiita ukwangala, yaani raha ya kukaa na walio sawa nawe, mkazungumza, mkataniana, mkanywa pombe ya ulezi, na katika mazungumzo hayo mkafunzana akili na adabu. Kwa baba au kwa mtawala mtu husikiliza, na penye hofu ya heshima elimu haiingii vema. Bali kwa marika wake hujibu, hukosolewa, na hukosoa. Waliamini kwamba mpweke hawezi kuwa na hekima, na itikadi hiyo waliitia katika ramani ya makazi yao.

Kila kijiji kilikuwa na kiongozi wake, aliyeitwa ulifumu, na wingi wao ni amafumu. Huyu, ingawa alikuwa chini ya mtawala wa nchi, malafyale, hakutoka katika ukoo wa utawala. Alichaguliwa na amafumu wa kizazi kilichotangulia miongoni mwa vijana wa watu wa kawaida, kwa kutazamwa tangu utotoni jinsi anavyogawa chakula, anavyozuia ugomvi, na anavyowasikiliza wenziwe. Yeye ndiye aliyegawa viwanja vya kujenga na mashamba ya kulima, aliyeamua nani apokewe atakapo kuhamia, na aliyekaa barazani kusuluhisha kesi za mipaka, za ng'ombe waliokula mazao, na za matusi. Watawala wadogo wa namna ya malafyale walikuwa wengi, hata miaka ya 1930 walipindukia 100 katika nchi ambayo mtu aweza kuivuka kwa miguu kwa siku chache. Na kwa sababu ya wingi huo mtu aliyechukizwa na majirani zake hakufungwa na kitu. Alibeba mianzi yake akahamia kwingine. Uhuru huu wa kuondoka ulikuwa ngao ya raia mbele ya kiongozi wake, kwa kuwa mtawala aliyekimbiwa na watu hakubakiwa na utawala.

Sheria za ujirani hazikuandikwa, lakini kila mtu alizijua. Mwenye kuchinja ng'ombe awagawie majirani. Mwenye pombe asinywe mlango umefungwa. Mwenye msiba asiachwe achimbe kaburi na nduguze tu, maana kazi ya kaburi ni ya majirani. Ndugu wa ukoo walikaa mbalimbali, mmoja kijiji hiki na mwingine kile, na ng'ombe wa mahari na wa urithi walipita kati yao. Lakini nyama iliingia katika matumbo ya majirani. Kwa mpango huo kila mtu alikuwa na mafungu mawili ya kumtegemeza, la damu na la maskani, wala hakuna fungu lililoweza kummeza peke yake.

Na aliyevunja sheria hizo? Hapa ndipo penye upande wa giza, na mwandishi mwenye insafu hana ruhusa ya kuupitia mbali. Watu waliamini kwamba manung'uniko ya majirani yana nguvu ya kuuumiza mwili: wakiudhika kwa haki, pumzi yao humwendea mkosaji kama baridi, akaugua, na hatapona mpaka akiri kosa lake, achinje, na wale wote waliomkasirikia wale pamoja naye. Kwa kadiri hiyo ilikuwa adhabu yenye huruma, kwa sababu mwisho wake ni karamu. Lakini pamoja nayo ilikuwako hofu ya uchawi. Walisema kwamba mchawi ana chatu tumboni, na chatu huyo hutamani nyama na maziwa ya wengine, na kwamba ulifumu na walinzi wachache wa kijiji wana nguvu ya kuwaona wachawi katika ndoto na kupigana nao usiku. Basi mtu bahili, mtu mnuna, mtu aliyefanikiwa kupita wenzake bila kuwashirikisha, alinong'onwa, kisha akatajwa, kisha akanyweshwa mwafi, dawa ya kiapo. Na aliyeshindwa na kiapo hicho alifukuzwa akaiacha migomba yake ikizaa. Wengi wa waliofukuzwa hawakuwa na hatia yoyote. Kijiji kilichopendeza namna ile kilikuwa na wahanga wake, na unadhifu wa uwanja hauwezi kuwa fidia ya machozi yao.

Vile vile ujirani huu ulikuwa wa wanaume. Mwanamke aliingia kijijini kwa mlango wa ndoa, akayatunza ndani na jikoni, akashirikiana na wake wenziwe na wa jirani kupanda na kuvuna, lakini hakuwa na marika aliowachagua mwenyewe wala neno katika baraza lililogawa ardhi aliyoilima. Na kwa kuwa binti aliozwa mapema na kijana akachelewa kuoa, wazee wenye ng'ombe walijaliwa wake wengi, na vijana wakasubiri.

Lakini kusubiri kwao kulikuwa na mwisho, na mwisho huo ndio jambo kubwa kupita yote katika habari hii. Kila baada ya miaka 30 hivi, wakati ambapo wakubwa wa kizazi kipya wamekwisha kuoa na kupata watoto wadogo, iliitishwa ada ya ubusoka, kutoka nje. Wana wawili wakubwa wa malafyale walitolewa mbele ya watu kuwa watawala, na nchi ya baba yao ikagawanyika pande mbili. Amafumu wapya wakatajwa na kukamatwa katikati ya vigelegele, na desturi ya kawaida ilikuwa kila upande uwe na vijiji vinne. Miti ikapandwa kuwa alama ya siku hiyo. Katika nyumba zote mioto ya zamani ikazimwa, majivu yakazolewa, na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, kisha kila mwenye nyumba akachukua kijinga akawashia jiko lake. Wazee wakawausia vijana, wakiwaambia wawe wakarimu, wawalishe watu wao, wasikilize shauri. Halafu wazee wenyewe wakasogea. Ardhi njema ya katikati iliachiwa kizazi kipya, na baba zao wakahamisha maskani wakakaa kando, pamoja na vishamba vya kuwatosha. Na mtawala mkongwe hakutazamiwa kuishi siku nyingi baada ya hapo.

Nimesoma habari za miji mingi iliyotungiwa sheria na watu wenye akili, lakini ni wapi pengine ambapo wenye mali na mamlaka walifungwa na desturi yao wenyewe kuyaachia yote, wakiwa bado hai, mbele ya wana wao, na kwa siku moja? Jirani mzuri ni yule ambaye atasogea zamu yake ikifika, na Wanyakyusa walilijua hilo wakalifanya kuwa sherehe.

Wamisionari wa Kimoravian walioingia nchi hii mwaka 1891, wakajenga kituo chao cha kwanza chini ya Mlima Rungwe, nao walikuwa watu wa vijiji vyenye mkataba. Kwao Herrnhut, katika Ujerumani, mji uliojengwa kuanzia mwaka 1722 juu ya ardhi ya Bwana Zinzendorf, wakaaji walitia saini mwaka 1727 masharti ya kuishi pamoja. Na zamani zile za mwanzo waliwagawa watu wao katika makundi kwa umri na hali ya ndoa, vijana wa kiume wasiooa wakawa na nyumba yao na wasichana yao. Makundi hayo yalikuwa yamefifia sana Ulaya wakati wamisionari wanafika Rungwe, wala sina dalili ya kudai kwamba walimtambua ndugu yao wa mbali katika vibanda vya matete vilivyo pembezoni mwa vijiji. Waliona ngoma, pombe na wake wengi, wakavikataza kwa waongofu; na waongofu wakasogea kujenga karibu na kanisa, wakapata ujirani wa namna nyingine, wenye wazee wa kanisa mahali pa amafumu, na wenye kengele.

Habari nyingi za marika tunazijua kwa jitihada ya Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa katika nchi hii kwa vipindi kati ya mwaka 1934 na 1938, wakijifunza Kinyakyusa na kusaidiwa na wenyeji, mmoja wao Leonard Mwaisumo. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica, peke yake, akakitoa kitabu cha vijiji vya marika mwaka 1951, akarudi kuitazama nchi tena baadaye, na mwaka 1977 akaandika jinsi mahusiano ya vizazi yalivyobadilika. Wako wataalamu, na Simon Charsley katika kitabu chake cha 1969 ni mmoja wao, waliotilia shaka kama kila kijiji kilifuata kanuni hizo kwa ukamilifu uliosimuliwa. Shaka yao ni ya haki, kwa sababu mzee anayesimulia desturi husimulia ilivyopasa kuwa. Lakini kanuni ambayo watu wote waliijua na kuionea haya walipoivunja ni sehemu ya historia pia, tena sehemu yenye nguvu.

Kilichoviua vijiji vya marika ni mbuni. Shamba la ulezi au la maharage huvunwa likaachwa, na mzee aliyeambiwa asogee hupoteza msimu mmoja. Bali mbuni haumpi mpandaji kitu mpaka mwaka wa tatu au wa nne, kisha humzalia kwa miongo ya miaka, na mtu aliyeupanda, akaupalilia na kuupogoa, hawezi kuelewa kwa nini amwachie mwana wa jirani. Zao hilo lilipoenea milimani, na nyumba za matofali zikaanza kusimama mahali pa mianzi, ubusoka ulibaki na ngoma zake lakini ukapoteza ardhi yake. Upande mwingine vijana walikwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, na wengine migodi ya mbali ya kusini, wakarudi na fedha za mahari zisizotoka zizini kwa baba. Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa na sehemu yake: sheria ya mwaka 1926 iliwatambua watawala wa wenyeji, na mshahara ukamfikia malafyale aliyeandikwa, hali ulifumu wa kijiji alibaki na heshima tu, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ikafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa la jinai, jambo ambalo liliwaokoa wengi, nalo likamnyang'anya ulifumu silaha yake ya usiku.

Baada ya uhuru utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kilizipanga nyumba kumi kumi chini ya balozi, ambaye aliwajua watu wake kwa majina, akawapokea wageni na kusuluhisha ugomvi wa watu na wake zao. Na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikaandikisha vijiji nchi nzima. Huko kwingine watu walihamishwa kwa malori, lakini katika nchi iliyosongamana kama Rungwe, ambako migomba ya huyu imegusana na ya yule, wengi waliandikishwa walipo. Tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1982, kijiji kina halmashauri ya watu 15 hadi 25 na mkutano mkuu wa kila aliyetimiza umri wa miaka 18, na leo ndani yake mna vitongoji vyenye wenyeviti; na sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi la watu saba, watatu kati yao wawe wanawake. Mashauri ya mipaka na viwanja, ambayo ulifumu aliyakata bila kumwuliza mwanamke yeyote, leo husuluhishwa katika baraza ambalo kisheria wanawake ni sehemu yake, na kwa jambo hili wajukuu wamewapita babu zao kwa mbali.

Hata hivyo hakuna kifungu katika sheria hizo kinachomtaka mzee asogee. Shamba la chai, la parachichi au la kahawa hukaa mikononi mwa mwenyewe mpaka afe, kisha hukatwa vipande kwa wanawe, na vipande vikakatwa tena, hata kijana wa leo wa Tukuyu atakaye mahali pa kujenga hupanda basi kwenda Mbeya au Dar es Salaam. Huko, katika mtaa ambao hakuzaliwa, hutafuta watu wa umri wake na wa kwao, na jambo la kwanza wanalolianzisha ni chama cha kufa na kuzikana: hulipa kiingilio, huchagua mwenyekiti na mweka hazina, hununua turubai, sufuria na viti vya kuazimana, na huandika katika daftari kwamba asiyefika msibani kusaidia kazi, bila udhuru, atatozwa faini, na akirudia atafutwa jina.